Kumuuguza mgonjwa asiyetarajiwa kupona, hapa Uganda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanaouguza nyumbani. Tumeuandika kwa Kiswahili kwa sababu karatasi nyingi za hospitali huja kwa Kiingereza au Kiganda, na hapa Uganda kuna familia nyingi zinazoelewana kwa Kiswahili kuliko kwa lugha nyingine: Wakongo wa Nakivale, Kyangwali na Rwamwanja, wenzao wa Katwe na Nsambya hapa Kampala, familia za askari kambini, wafanyabiashara wa Busia na Malaba. Mimi ni mtu wa kujitolea. Kazi hii niliianzia chumbani kwa mama yangu mdogo, kabla manesi hawajanifunza. Ninayoyasema kuhusu dawa ni ya kukusaidia kuelewa na kuuliza. Kipimo cha mgonjwa wako atakipanga nesi au daktari aliyemwona.

Daktari ametuambia, "Mpelekeni nyumbani, hakuna tena cha kufanya." Sasa tufanyeje?

Msikubali neno hilo la mwisho. Anachomaanisha daktari ni kwamba ugonjwa wenyewe hautaondoka. Lakini maumivu, kichefuchefu, kukosa pumzi, kukosa usingizi, kidonda, hofu, yote hayo yana dawa au yana namna ya kuyatuliza, na mengine hutulia ndani ya siku moja au mbili.

Mama mdogo alirudishwa nyumbani na mfuko wa nailoni wenye picha za eksirei na panadol za siku tano. Kansa ya titi ilikuwa imeshafika kwenye uti wa mgongo. Kwa wiki tatu hakuweza kulala chali wala ubavu. Alilala ameketi sakafuni, amekumbatia mto, paji la uso limeegemea ukingo wa kitanda. Sisi tulikaa naye tukimpepea kwa kanga, tukidhani ndivyo kansa ilivyo. Hakuna aliyetuambia kwamba dawa ipo, tena ya bure, mwendo wa boda boda moja kutoka pale tulipokuwa.

Kwa hiyo kabla hamjatoka wodini, ombeni mambo matatu. Jina la ugonjwa na hatua uliyofikia, limeandikwa kwenye karatasi. Dawa ya maumivu ya kutosha, si ya siku mbili. Na barua ya rufaa kwenda kwa watu wa tiba shufaa. Mkiambiwa hawapo, ulizeni tena kwa mwingine. Mara nyingi nesi wa zamu anawajua kuliko daktari.

Tiba shufaa ndiyo nini? Ni ya wagonjwa wa kansa peke yao?

Ni matunzo ya mtu mwenye ugonjwa mzito usiotibika, na ya watu wa nyumbani kwake. Dame Cicely Saunders, aliyefungua hospisi, yaani kituo cha matunzo hayo, ya St Christopher's mjini London mwaka 1967, alifundisha kwamba mgonjwa anaumwa mwili, anaumwa moyo, anaumwa kwa ajili ya watoto na pesa, na anaumwa rohoni kwa maswali aliyo nayo kwa Mungu wake. Ukitibu mfupa ukaacha karo ya watoto ikimnyima usingizi, bado anaumwa. Hilo nimeliona mara nyingi.

Si ya kansa tu. Wenye moyo uliochoka, figo zilizokufa, ini, Ukimwi uliokwisha kuleta magonjwa mengine, kiharusi, watoto wenye selimundu, wote wamo. Wala mtu haachi matibabu mengine ili aipate. Unaweza kuwa unapigwa dripu za kansa pale Taasisi ya Kansa ya Uganda, Mulago, na huku nesi wa tiba shufaa anakutuliza maumivu. Ningependa kila familia ilijue hili siku ile ile ya majibu, wasingoje siku ya kurudishwa nyumbani.

Tutawapata wapi?

Hospisi ya kwanza nchini ni Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1993 na Dr Anne Merriman. Makao yake yako Makindye, Kampala, na ina matawi Mbarara na Hoima. Manesi wake huwatembelea wagonjwa majumbani. Upande wa Jinja kuna Rays of Hope Hospice. Masaka kuna Kitovu Mobile, waliokuwa wakifuata wagonjwa wa Ukimwi vijijini tangu mwaka 1987. Mulago kuna kitengo cha tiba shufaa kinachoshirikiana na Chuo Kikuu cha Makerere. Hospitali kadhaa za rufaa za mikoa pia zina manesi waliosomea kazi hii. Mkiwa mbali na hizo zote, chama cha taifa cha tiba shufaa, kinachojulikana kwa herufi PCAU, kinaweza kuwaambia ni nani aliye karibu na wilaya yenu.

Kama hamjui pa kuanzia, anzeni kwa mhudumu wa afya wa kijiji, yule wa VHT. Yeye anajua kituo cha afya gani kina mtu anayefaa. Kwa kawaida kituo cha daraja la tatu au la nne kitawaandikia rufaa.

Kwa walio kwenye makazi ya wakimbizi: anzeni kwenye kituo cha afya cha hapo hapo, mwombe rufaa iandikwe wazi kwamba mgonjwa anahitaji tiba shufaa. Kutoka Nakivale rufaa huenda Mbarara, kutoka Kyangwali huenda Hoima, na kwote kuwili kuna tawi la hospisi. Nendeni na mtu anayejua Kiingereza au lugha ya pale. Msimpe mtoto kazi ya kutafsiri. Nimemwona msichana wa miaka kumi na mmoja akiambiwa amtafsirie baba yake kwamba ini limekwisha. Alinyamaza, akaangalia viatu vyake, na baba akaelewa kutokana na ule unyamavu. Mzigo huo asipewe mtoto.

Ni pesa ngapi?

Morfini ya maji, dawa ya maumivu makali, haiuzwi kwa mgonjwa, serikali inaigharamia. Hospitali na vituo vya serikali viliacha kutoza wagonjwa mwaka 2001, isipokuwa zile wodi za kulipia, na mkimbizi anatibiwa humo sawa na mwenyeji. Hospisi inaweza kuomba mchango kulingana na uwezo. Asiye na kitu, aseme.

Gharama inayochosha watu ni ile isiyoandikwa popote: boda boda, gari la kukodi mgonjwa akiwa hawezi kukaa, nepi za watu wazima, sabuni, glavu, mafuta ya taa, chakula cha wageni wanaokuja kuwapa pole. Kaeni familia, mhesabu kwa wiki. Chama cha akina mama, kanisa, msikiti, watu wa nyumbani walio nje, waambiwe kitu kamili cha kuleta. Mtu akiuliza "nisaidie nini?" mwambie, "Leta sabuni ya kufulia na uje Alhamisi ukae naye nikaoge." Atakuja.

Na neno moja la ukali, mnisamehe. Msiuze shamba kwa ajili ya matibabu ambayo daktari mwenyewe amesema hayatasaidia. Ulizeni waziwazi: dawa hii itamwongezea nini, na kwa muda gani? Kama jibu halieleweki, rudini mkaulize tena kabla ya kuweka saini ya kuuza.

Hii morfini, si ndiyo dawa ya kumalizia mtu? Na hatakuwa mlevi wa dawa?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, kwa hiyo nitakaa nalo.

Morfini ikitolewa kwa kipimo cha maumivu haimuui mtu wala haiharakishi kifo. Anayeanza kuipata siku mbili kabla ya kufa huonekana kama ameuawa na dawa, kumbe amecheleweshewa. Wapo watu wanaoitumia miezi na miezi wakaenda sokoni, wakasali, wakalea. Na ulevi wa dawa ni kitu kingine: mwenye maumivu anapata nafuu, hatafuti starehe. Sababu ya maumivu ikipungua, nesi anaipunguza polepole hadi mtu anaiacha. Msiikatishe wenyewe ghafla.

Hapa Uganda morfini inakuja kama maji ya kunywa. Hutengenezwa kwa unga wa morfini, maji safi, kihifadhi na rangi. Ile nyepesi ni ya kijani: miligramu 5 katika kila mililita 5. Zipo zenye nguvu zaidi, nazo zina rangi nyingine, ili watu wasizichanganye. Usikopeshane chupa na jirani hata kama wote mna kansa. Kijani chake na rangi yako haviko sawa.

Jambo ambalo Uganda ilifanya, na nchi nyingine zikaja kujifunza, ni kubadilisha kanuni mwaka 2004 ili manesi na maafisa tabibu waliosomea tiba shufaa waweze kuandika morfini. Kabla ya hapo ilihitaji daktari, na vijijini daktari ni wa kutafutwa. Ndiyo maana leo nesi anaweza kuja na pikipiki hadi mlangoni kwako, akakaa kwenye mkeka, akampima mgonjwa na kumwachia dawa.

Inatumiwaje? Kila baada ya saa nne, iwe maumivu yapo au hayapo. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanangoja mtu alie ndipo wampe. Maumivu ni kama moto wa jikoni. Ukiusimamia mdogo hausumbui, ukiuacha ushike paa utatafuta maji kijiji kizima. Kipimo cha usiku, kabla ya kulala, kwa kawaida nesi hukipanga kiwe maradufu ili mgonjwa na nyinyi mlale hadi asubuhi. Pimeni kwa sirinji isiyo na sindano au kijiko mlichopewa. Kijiko cha chai cha nyumbani kinadanganya.

Siku mbili tatu za kwanza mgonjwa atasinzia sana, na anaweza kutapika. Hupita. Kumbukeni pia kwamba huenda alikuwa hajalala kwa wiki nzima. Mama mdogo alipopewa kipimo chake cha kwanza, saa kumi jioni, alilala chali. Tulisimama mlangoni tukimhesabu pumzi kwa hofu, hadi shangazi akasema tumwache, huyo amelala tu.

Kisichopita ni kufunga choo. Karibu kila anayekunywa morfini atafunga choo, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo itolewe siku hiyo hiyo. Ikiisha, mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa, kidogo usiku pamoja na kitu laini, husaidia. Manesi wa hospisi wenyewe hufundisha hivyo. Mpigieni nesi haraka mkiona mgonjwa haamki hata akitikiswa, anapumua kwa nadra mno, misuli inarukaruka, au mkojo umepungua sana. Huenda figo hazitoi dawa na kipimo kinahitaji kushushwa.

Tena, wekeni chupa juu, mbali na watoto. Mara nyingi morfini hutiwa kwenye chupa ya plastiki iliyokuwa ya maji, na maji ya kijani kwenye chupa, kwa macho ya mtoto, ni soda.

Tutajuaje maumivu ni makali kiasi gani? Mzee wetu hasemi.

Mwambie atumie mkono. Ngumi iliyofungwa ni hakuna maumivu, kidole kimoja ni kidogo, vidole vitano ni yasiyovumilika. Mwulize asubuhi, mchana na usiku, mwandike kwenye daftari pamoja na saa ya dawa. Nesi akija, lile daftari litamwambia mengi kuliko sisi sote tukizungumza kwa pamoja. Asiyeweza hata kuinua mkono, tazama uso wake unapomgeuza.

Kidonda kinanuka hadi watu hawaingii chumbani.

Hili linawaumiza wagonjwa kuliko maumivu, hasa akina mama wenye kansa ya titi au ya shingo ya uzazi. Linatulizwa. Osha kwa maji yaliyochemshwa na chumvi kidogo, yakiwa vuguvugu. Usisugue. Kisha vidonge vya metronidazole, vile vile vya tumbo, visagwe viwe unga laini, uunyunyize juu ya kidonda kila siku, ufunike kwa kitambaa safi cha pamba. Shuka kuukuu iliyofuliwa na kuanikwa juani inafaa. Bandeji ikigandia, iloweshe kwanza, usiivute.

Tulipoanza unga ule kwa mama mdogo, siku ya tatu au ya nne harufu ilikuwa imepungua. Jirani yetu, ambaye kwa mwezi mzima alikuwa akisalimia kutoka dirishani, aliingia, akaketi kitandani, akamsuka nywele. Alisuka taratibu mistari sita mikubwa, kwa sababu nywele zilikuwa chache.

Hataki kula. Tumlazimishe? Tumpeleke apigwe dripu?

Mwili unaofunga safari hautaki chakula, na kumlazimisha kunamletea kutapika na kukohoa. Najua ni vigumu. Kwetu kumpenda mtu ni kumlisha. Mpe anachotaka, kidogo, saa anayotaka: vijiko viwili vya uji, supu, kipande cha embe. Akikataa, mwachie.

Dripu siku za mwisho haimpi nguvu. Mara nyingi maji huishia kwenye miguu na mapafu akapumua kwa shida zaidi. Kama ametapika au kuharisha kwa sababu inayotibika, hapo ni tofauti, mwulizeni nesi. Kinywa chake ndicho kinachohitaji kazi: kitambaa laini chenye maji ya chumvi kidogo kila baada ya saa mbili, na mafuta ya kupaka midomoni.

Ndugu wanasema tusimwambie ukweli, atakufa kwa mshtuko.

Swali la kumwuliza yeye ni, "Unapenda kujua kiasi gani kuhusu ugonjwa wako?" Wengine watasema, "Zungumza na mke wangu." Hiyo ni haki yao. Wengi watataka kujua.

Mzee mmoja fundi seremala, kule Katwe, alifichwa na wanawe miezi minne. Kila nesi akija, wanamwambia mlangoni, "Tafadhali sema ni vidonda vya tumbo." Siku moja mzee alimshika nesi mkono, akauliza peke yake, akajibiwa. Alinyamaza kidogo, kisha akaagiza daftari. Alitaja wanaomdai na anaowadai: vitanda viwili vya mbao ya mvule, mlango mmoja, deni la mbao kwa mwenye kiwanda. Ilichukua mchana mzima, kwa sababu alikuwa anapumzika kila baada ya jina. Mwanawe mkubwa aliandika, analia, anaandika. Deni la mlango lililipwa kabla ya mazishi.

Lugha ya upole si lugha ya uongo. "Ugonjwa umetushinda kuuondoa, lakini hatutakuacha na maumivu" ni ukweli mtupu.

Tupange nini, na lini?

Pangeni mgonjwa akiwa bado anaweza kuketi na kuongea. Si uchuro. Mwulizeni anataka kuwa wapi hali ikizidi, nani amsemee akishindwa, nani asiingie chumbani, azikwe wapi na kwa desturi gani. Andikeni, watu wawili watatu wa familia wajue.

Halafu yale madogo yanayosumbua baadaye: karatasi za kiwanja ziko kwa nani, kitambulisho kiko wapi, kuna deni la nani, pesa zilizomo kwenye simu zitatumiwaje. Nimeona familia ikikosa nauli ya kusafirisha maiti ilhali pesa imo kwenye simu iliyolala mezani.

Wosia uandikwe. Mwenyewe atie saini mbele ya mashahidi wawili, na mashahidi hao wasiwe watu wanaorithi chochote humo. Asipoacha wosia, sheria ya mirathi ya Uganda, iliyorekebishwa mwaka 2022, inagawa yenyewe: akiwa ameacha mke au mume, watoto, wategemezi na mrithi wa kimila, watoto hupata asilimia 75, mjane au mgane asilimia 20, wategemezi 4, mrithi wa kimila 1. Nyumba ya familia haiingizwi kwenye mgao huo. Mjane na watoto hubaki wanaishi humo. Mwambieni hivyo mapema shemeji anayekuja na kufuli.

Wakimbizi: kiwanja cha makazi ni cha kutumia, hakiuzwi wala kurithishwa kama shamba. Muhimu kwenu ni karatasi ya kaya. Kama mgonjwa ndiye mkuu wa kaya, nendeni ofisi ya Waziri Mkuu iliyo kwenye makazi mkaulize mapema jinsi ya kurekebisha majina, na nani atatambuliwa kuwa mlezi wa watoto.

Watoto waambiwe? Nao watabaki na nini?

Waambiwe, kwa maneno ya umri wao, na mtu wanayempenda. Mtoto asiyeambiwa hudhani yeye ndiye kasababisha. Waruhusuni kuleta maji, kukaa kitandani, kucheka humo chumbani.

Uganda imejulikana kwa kitabu cha kumbukumbu, ambacho mzazi humwandikia mtoto wake. Akina mama wenye virusi vya Ukimwi wa chama cha NACWOLA walianza kuviandika miaka ya 1990: daftari la shule lenye jina la babu na kijiji alikotoka, siku mtoto alipozaliwa na mvua ilivyonyesha, chakula alichokikataa, picha, jina la shangazi wa kumkimbilia. Kwa familia iliyovuka mpaka ikakimbia vita, daftari hilo ndilo huenda likawa mahali pekee majina hayo yatapatikana. Mgonjwa asiyeweza kuandika anaweza kurekodi kwa simu.

Watoto wakija kufukuzwa au kuteswa, namba ya bure ya kuwasaidia ni 116.

Tumpeleke kwa mganga au kwa maombi?

Maombi ni chakula cha wengi wetu, mwiteni mchungaji au shekhe anayemjua mgonjwa. Ninachopinga ni mtu yeyote anayemwambia aache dawa ya maumivu ili athibitishe imani, na dawa za kienyeji zisizojulikana zinazonywewa pamoja na za hospitali bila nesi kuambiwa. Mwambieni tu, hatawafokea.

Ni Ramadhani, na dawa ni kila saa nne.

Qurani yenyewe imemruhusu mgonjwa asifunge. Asiyetarajiwa kupona hulipa fidia kwa kulisha maskini. Baadhi ya wazee hulia wakikatazwa kufunga. Mwiteni shekhe aje aseme yeye mwenyewe.

Mimi ndiye ninayeuguza. Nimechoka hadi wakati mwingine natamani iishe.

Wewe si mtu mbaya. Karibu kila aliyeuguza muda mrefu amewahi kulifikiri jambo hilo usiku, akaogopa nafsi yake. Mwambie nesi, naye ni wa kwako pia, si wa mgonjwa peke yake. Pangeni zamu, wanaume wakiwemo. Kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia hakuwezi kufanywa na mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni.

Afie nyumbani au hospitalini?

Popote anapotaka, maadamu dawa ipo. Wengi huchagua nyumbani. Kuna sababu nyingine ambayo watu huisema kwa sauti ya chini: kumsafirisha mtu akiwa hai hadi kijijini ni nauli ya abiria, kumsafirisha akiwa maiti ni gari la kukodi. Si aibu kulifikiria. Kama anataka kuzikwa kwao, safari ifanywe akiwa bado anaimudu, na nesi wa huku aandike barua kwa wa kule, na morfini ya kutosha njiani.

Dalili za siku za mwisho: analala karibu muda wote, miguu na mikono inakuwa ya baridi, pumzi inakwenda inasimama inakwenda tena, na koo hukoroma. Ule mkoromo unatutisha sisi kuliko unavyomsumbua yeye. Mgeuzeni ubavu, kichwa kiinuke kidogo. Endeleeni na dawa kwa kipimo nesi alichosema. Hata matone ndani ya shavu yanaingia. Ongeeni naye. Inaaminika masikio ndiyo ya mwisho kulala.

Amefariki nyumbani. Sasa?

Hakuna haja ya kumkimbiza hospitali. Mwiteni mwenyekiti wa LC1, yaani wa baraza la kijiji, na nesi aliyekuwa akimfuata. Kifo kiandikishwe, cheti hutolewa na NIRA, mamlaka ya usajili na vitambulisho, na mtakihitaji kwa mirathi, benki na shule za watoto. Chupa ya morfini iliyobaki irudisheni hospisi au kituo cha afya mlikoitoa, hata kama ni kijiko kimoja. Msiimwage wala kumpa jirani mwenye maumivu. Jirani huyo mpelekeni naye aandikiwe yake. Nesi akija kuichukua mwenyewe, huwa anakaa kidogo. Mwekeeni kiti.